Bibi Zimwi na Koni Zilizoumwa

Katika mji nilioutunga mimi, balaa kubwa kuliko yote lililowahi kuwapata watu ni kupotea kwa kifuniko cha birika. Kilipotea siku kumi na tisa. Walikitafuta wote: korongo anayepeleka barua, upepo mdogo ulioajiriwa kufagia uwanja wa soko, na Bibi Zimwi mfuma mablanketi, ambaye ujanani alikula watu lakini akaacha kwa sababu walimpa kiungulia. Siku ya ishirini kifuniko kikaonekana. Kumbe paka alikuwa amekilalia. Basi, watu wakanywa chai.

"Hakuna hata aliyekufa?" aliniuliza Redio, fundi mwenzangu tuliyemwita hivyo kwa kuwa hazimiki, siku niliyomaliza kusoma sehemu hiyo.

"Hakuna."

"Hata paka?"

"Paka alisogezwa tu."

"Jamani!" Redio aliondoa mguu kwenye cherehani. "Siku kumi na tisa nakosa usingizi kwa ajili ya kifuniko! Nina watoto wanne na mume asiyepokea simu, nami nalala nawaza kifuniko kiko wapi!"

Tulikuwa wanawake saba katika chumba kimoja kirefu, ghorofani, juu ya duka la matairi. Tulishona sare za shule, za walinzi, za wauguzi. Madirisha yalikuwa mwisho mmoja wa chumba, na huko alikaa Bi Pasi na pasi zake, kwa kuwa alisema asipopata hewa atazimia na tutamzika pamoja na mvuke wake. Meza ya kukatia ilikuwa mwisho wa pili, karibu na ngazi, chini ya taa mbili za njano. Hapo alisimama Shangazi.

Hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu. Alikuwa mkataji, na mkataji ndiye kichwa cha chumba. Akikosea yeye, sisi wengine tunalishona kosa lake kwa ustadi mkubwa.

Saa ya kusoma ilianza kabla yangu. Baada ya chakula cha mchana usingizi huingia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi, na fundi mwenye usingizi hushona kidole chake. Mama yake Bosi, aliyekifungua kiwanda hiki, ndiye aliyeamua mmoja asome kwa sauti, na pindo zake wagawane waliobaki. Waliponipa mimi kiti hicho, walikuwa wamemaliza magazeti ya zamani yote na kitabu cha maelekezo ya cherehani mara mbili. Nilisoma nilichokikuta. Kilipokwisha, nikaanza kuandika. Kila asubuhi nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikaketi kwenye ngazi na daftari na penseli, nikaandika kurasa nne.

Sikutaka vita katika hadithi zangu. Wenzangu walikuja kazini wakiwa wameshapigana vya kutosha: na mwenye nyumba, na foleni ya maji, na homa za watoto. Nilitaka kwa saa moja wakae mahali ambapo kitu kikipotea kinatafutwa, na mtu akikosea anavutiwa kiti aketi. Kuandika mambo ya namna hiyo ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri. Vita vinajiendesha vyenyewe. Kifuniko cha birika lazima ukisukume wewe mwenyewe, siku baada ya siku, hadi msikilizaji akione kizito.

Kwa hiyo niliokota vitu karibu. Niliwatazama wenzangu, nikawatia mle. Bi Pasi akawa upepo mdogo unaolalamika. Redio akawa korongo wa barua, akajitambua siku hiyohiyo, akaanza kudai apewe barua zaidi. Hilo lingetosha kunionya, lakini halikunionya.

Maana miezi minne ya mwisho nilikuwa nimemtazama Shangazi kuliko wote, naye akawa Bibi Zimwi. Niliona anavyompelekea Bi Pasi sindano amtungie uzi, akisingizia kwamba mikono yake ina mafuta. Niliona anavyoupapasa mstari wa chaki kwa ukucha kabla ya kukata. Na niliona anavyofanya koni mpya za uzi zikifika, zile za plastiki ambazo uzi umezungushiwa. Alikuwa akimwuliza aliyezileta rangi ya kila koni, kisha anageuka ukutani, anaweka ukingo wa koni mdomoni, anauma. Nilidhani ni mazoea tu, kama watu wanaovunja vidole. Baadaye nikagundua kwamba alama ya jino ilikuwa kwenye koni za bluu iliyokoza peke yake. Koni nyeusi hazikuwa na alama.

Siku ya Jumanne nilisoma habari za Bibi Zimwi. Alikuwa na marundo mawili ya uzi, bluu iliyokoza ya blanketi la jioni na nyeusi ya blanketi la usiku wa manane, na wageni watatu wanasubiri walale. Chumba chake kina giza. Je, rangi anazijuaje? Nikaishia hapo, nikafunga daftari. Redio akanirushia kipande cha kola.

"Wee mchawi! Anazijuaje?"

"Kesho."

"Kesho ni mbali! Angalau tupe kidokezo. Ananusa?"

"Hanusi. Ana mafua tangu wiki iliyopita, umesahau?"

"Kweli, ana mafua," alisema Redio kwa masikitiko, kama habari ya jirani.

Jumatano alfajiri niliandika jibu kwenye ngazi. Niliandika kwamba Bibi Zimwi aliuma kila koni ya bluu kwa jino lake moja la mbele, lile lililobaki kutoka enzi za kula watu, na kwamba alifanya hivyo kwa siri kwa sababu macho yake yalikuwa yametoka kwenda kutembea na hayajarudi. Nikaona nimeandika vizuri. Nilikuwa nampenda yule mama, nikadhani mapenzi hayo yataonekana, na siri ikishavikwa ngozi ya zimwi hakuna atakayeitambua.

Saa nne asubuhi Bosi akapanda ngazi na furushi.

Bosi hakuwa mtu wa makelele. Alipokasirika alizungusha pete ya funguo kidoleni, na siku hiyo tulizisikia funguo kabla hatujamwona. Akapita katikati yetu bila salamu hadi dirishani kwa Bi Pasi, akafungua furushi.

"Njooni huku. Wote."

Tukaenda. Zilikuwa suruali za walinzi tulizokabidhi jana yake, arobaini, bluu iliyokoza. Kwenye mwanga wa jua kila suruali ilikuwa na mifuko miwili myeusi. Myeusi kabisa, kama macho mawili yanayokutazama kutoka matakoni.

Zote zilikuwa zimepita mikononi mwetu. Chini ya taa za njano rangi hizo mbili ni mapacha, na ndiyo maana kuna sheria ya mkataji: kabla chaki haijagusa kitambaa, beba ncha ya jora mpaka dirishani, tazama. Sisi wengine hatutazami. Tunamwamini aliyetazama.

"Mteja anazitaka Ijumaa mchana," alisema Bosi. "La sivyo anahamia kwingine, na baada yake watahama wengine. Mimi nina swali moja tu. Aliyekata hakwenda dirishani, au alikwenda asione?"

"Nilikwenda," alisema Shangazi.

"Ukaona bluu?"

"Niliona nilichoona."

Bosi akazungusha funguo. Akaenda kwenye rafu ya nyuzi, akaanza kuzikagua koni, moja moja, akizigeuza. Akasimama. Akainua moja.

"Na hii nani ameila?"

Akaishusha, akainua nyingine.

"Nauliza kweli. Hii imeumwa. Hii pia. Na hii. Tuna panya mwenye jino moja humu ndani?"

Redio akacheka, akaona amecheka peke yake, akajifanya anakohoa. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Kurasa zangu nne zilikuwa ndani ya daftari, na daftari lilikuwa juu ya kiti cha msomaji, hatua tatu kutoka pale aliposimama.

"Sikilizeni," alisema Bosi. "Sipendi hata kidogo nitakalosema. Kuna mkataji mtaa wa pili anatafuta kazi. Kama hadi jioni sijaelewa kilichotokea kwenye ile meza, kesho asubuhi atasimama pale yeye. Siwezi kukata kwa kubahatisha."

Shangazi alikuwa amesimama pale tangu Bosi akiwa mtoto mchanga anayelazwa chini ya meza hiyo, ndani ya kapu la vipande. Alikuwa na wajukuu wawili aliobaki nao, na hajawahi kufanya kazi nyingine. Alikunja futi yake ya kupimia, akaikunjua, akaikunja tena. Hakumtazama mtu.

Ndipo jambo la pili likanijia. Jumatatu zamu ya kufagia ilikuwa yangu. Majora yale mawili husimama nyuma ya meza, bluu kushoto, nyeusi kulia. Niliyasogeza nifagie. Niliyarudisha. Na hata ungenishikia kisu nisingeweza kukumbuka nililirudisha lipi wapi.

Wakati wa chakula nilikusudia kurarua ukurasa. Lakini Bosi hakushuka. Alivuta kigoda, akaketi karibu na kiti cha msomaji, akala karanga kutoka mfukoni huku akitazama meza ya kukatia. Daftari langu lilikuwa karibu na goti lake. Nilipita mara mbili nikijifanya natafuta mkasi mdogo. Mara ya pili akaniuliza, "Umepoteza nini, binti?" Nikasema sijapoteza kitu.

Saa ya kusoma ikafika. Cherehani zikapunguza mwendo, kama kawaida, zikisubiri. Nikasema labda leo tusisome, kuna mifuko ya kufumua.

"Someni," alisema Bosi. "Endeleeni na kawaida yenu. Leo nami nisikilize. Nione ni kitu gani kinachowafanya watu wasione rangi."

"Ni Bibi Zimwi," Redio akamwambia, akisogeza kiti. "Bosi, umekuja siku nzuri. Leo tunajua anavyotofautisha bluu na nyeusi!"

Nilitamani cherehani imuume ulimi.

Pete ya funguo ikaacha kuzunguka. "Ahaa," alisema Bosi.

Nikafungua daftari. Mwandiko wangu niliujua vizuri, lakini mistari ilikuwa inaelea. Nikasoma aya ya kwanza jinsi ilivyo: wageni watatu, chumba chenye giza, Bibi Zimwi anaketi. Nikafika kwenye mstari wa koni. Nikauruka.

Mimi si mtu wa kutunga papo kwa papo. Sentensi moja naifuta mara tano. Wanaoweza kusema jambo zuri bila kuliandika kwanza nawaonea wivu, kama mtu mfupi anavyowaonea wivu wanaofikia rafu ya juu.

"Basi Bibi Zimwi," nikasema, "akauchukua uzi wa kwanza... akaunusa. Bluu hunuka mvua. Nyeusi hunuka, hunuka moshi..."

"Aa! Aa!" Redio alipiga meza. "Ana mafua! Jana umeniambia mwenyewe ana mafua!"

"Yamepona."

"Yamepona lini? Usiku? Nani alimpa dawa? Mbona hukutuambia?"

"Kweli," alisema Bi Pasi kutoka dirishani. "Hayo ya kupona hayakusomwa."

Ndiyo shida ya kuwaandikia watu mambo madogo. Wanayashika yote. Ningekuwa nimeua wafalme saba wangesahau wawili, lakini mafua ya zimwi waliyatunza kama akiba.

"Macho yako hayasogei, binti," alisema Bosi taratibu. "Mtu anayesoma macho yake husogea."

Nikalisogeza daftari karibu na uso. "Mwandiko... niliandika vibaya."

"Lete." Akanyoosha mkono. Nikampa, ningefanyaje? Hakulitazama. Aliligeuza, akalinyoosha upande wa pili, kuelekea meza ya kukatia. "Shangazi, msaidie mwenzako. Soma wewe. Mimi mwenyewe ulinifundisha herufi pale pale, kwa chaki ya kitambaa."

Hadi leo sijui kama aliujua mtego aliouweka. Labda alitaka tu kuisikia sauti ile inamsomea tena. Labda alikuwa amekwisha kujua kila kitu tangu alipoiona koni, na akaona hii ndiyo njia ya kuuliza bila kuuliza. Nilimtazama usoni, mimi ambaye huona vitu vya watu, sikuona chochote.

Shangazi akaifuta mikono yake kwenye aproni, ule upande na huu. Akaja. Akalipokea daftari, akaketi kwenye kiti changu, akalishika mbali kidogo na uso kama mtu mwenye kuona vizuri. Nilijua kwamba kwake ukurasa ule ni ukungu mtupu.

"Nianzie wapi?" aliuliza.

"Bibi Zimwi akaketi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kama ya panya mwenye jino moja.

"Bibi Zimwi akaketi," akasoma Shangazi.

Na akaendelea. Miaka miwili alikuwa akizisikiliza hadithi zangu akiwa amenipa mgongo, akisema ni hadithi za watu wasiojua njaa, na kumbe alikuwa amelishika kila pindo la sauti yangu. Alisema Bibi Zimwi akayaweka marundo mawili mapajani kama watoto pacha wanaogombania titi. Alisema wale wageni watatu waliomba radhi kwa kuwa na usingizi. Bi Pasi akacheka. Redio akasahau mafua. Mimi nilikuwa nahesabu. Ukurasa mmoja wangu huchukua dakika mbili na nusu kusomwa, na dakika tatu zilikuwa zimepita, na Shangazi hajafunua.

Nikakohoa.

Hakuelewa. Akaendelea kusema, macho kwenye karatasi, uso umetulia. Bosi alikuwa anautazama mkono wake.

Nikakohoa tena, mara mbili, na nikafunua ukurasa wa hewani kwa kidole. Sijui aliona kivuli, au alisikia tu kikohozi cha mtu asiye na kifua. Akafunua. Karatasi kadhaa zikaja pamoja, zimeshikana, naye hakujua. Akaendelea kusoma ukurasa ambamo sikuwa nimeandika kitu. Ulikuwa mweupe mtupu.

Kutoka nilipokuwa niliuona mweupe. Redio aliuona, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaufunga bila kitu kutoka. Cherehani ya mwisho iliyokuwa ikitembea ikasimama. Kwa kimya kile nadhani Shangazi alijua. Angeweza kukohoa, kusema koo limekauka, kulifunga daftari. Badala yake akalipandisha kidogo, likamziba kidevu.

"Wageni wakamuuliza," akasoma, polepole zaidi, "wakamuuliza, bibi, humu hamna taa, unazijuaje rangi? Bibi Zimwi akasema, siku hizi sizijui. Zamani nilizijua kama ninavyowajua wanangu. Siku hizi naziuma. Bluu naiuma kwa jino, nyeusi naiacha, halafu nazipapasa. Nyuzi zinakubali kuumwa, wanangu. Tatizo ni kitambaa. Kitambaa hakiumiki. Kitambaa nakijua kwa mahali kiliposimama, na siku moja hakikusimama mahali pake, nami nikaona haya kuuliza."

Mimi sikuwa nimeandika habari ya kitambaa.

"Wakamuuliza, kwa nini haya? Akasema, kwa sababu zimwi akishapoteza macho watu hawamwogopi tena, na mtu asipokuogopa wala hakuhitaji, huna kiti." Akalifunga daftari. "Ukurasa umeisha."

Chini, dukani, walikuwa wanagonga tairi. Bosi alikuwa bado ameishika koni. Alikuwa amekiweka kidole gumba kwenye ile alama ya jino, akiisugua. Akanigeukia mimi.

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

Ningesema hapana, ningekuwa nimemvua nguo mbele ya watu. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimeiweka saini yangu kwenye kufukuzwa kwake. Nikatazama mikono ya Shangazi juu ya daftari. Alikwisha kusema alilotaka kusema.

"Neno kwa neno," nikasema. "Ila karuka kipande. Nyuma ya hapo kuna mfagiaji. Mfagiaji ndiye aliyesogeza majora Jumatatu, akayarudisha bila kutazama lipi ni lipi."

"Mfagiaji yupi?"

"Mimi, Bosi."

"Hee!" alisema Bi Pasi, kwa sauti ndogo.

Bosi akavuta pumzi ndefu. "Na hao watu wa mji wako? Huwa wanamfanya nini zimwi kama huyo? Manake mimi nina mteja Ijumaa, sina korongo."

Nilitaka daftari. Nilitaka ngazi, na alfajiri, na penseli, na nafasi ya kufuta mara tano. Watu sita walikuwa wananitazama, na yule wa saba hakuwa anaona vizuri lakini alikuwa ameuelekeza uso wake kwangu.

"Huwa hawamfukuzi mtu," nikasema. "Kwanza wanafumua. Wote, leo, mifuko themanini. Yeye anafumua kwa vidole haraka kuliko sisi kwa macho, nimemwona. Halafu wanaisogeza meza. Meza ya kukatia ikikaa dirishani, hakuna mtu atakayehitaji kubeba jora, ataona tu. Na upepo... upepo unahamia kwenye ngazi."

"Upepo ni mimi!" alilia Bi Pasi. "Nife na mvuke wangu?"

"Ngazini kuna hewa, Bi Pasi."

"Kuna hewa ya matairi!"

Mtu akacheka, nadhani ni Redio, halafu wengine, cheko fupi la watu walioshikilia pumzi muda mrefu. Bosi hakucheka. Akainuka, akaenda hadi meza ya kukatia, akauchukua mkasi mkubwa, ule wa mama yake. Akaupima mkononi.

"Mkasi haurudi kwake," alisema. "Nitakuwa mwongo nikisema utarudi." Akamgeukia Shangazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti ikampungua. "Ungeniambia, Shangazi. Mimi ungeniambia."

"Ningekuambiaje, baba? Wewe ndiye unayelipa."

Bosi akauweka mkasi mezani. Kisha akasema, "Kiti chako kipo. Ijumaa suruali zikitoka safi, yule wa mtaa wa pili simwiti. Nani atakata?"

Sikutarajia Shangazi angejibu haraka vile.

"Huyu," alisema, akinielekezea kidole, akakosea kidogo, akakirekebisha. "Huyu anaona kupita kiasi. Mpeni kitu cha kukata kabla hajatuandika wote."

Tulifumua hadi jua likaanza kuyaacha madirisha, na siku ya pili tangu asubuhi. Shangazi peke yake alifumua mifuko thelathini na moja akiwa amefumba macho, akitutambia. Ijumaa saa tano mifuko yote themanini ilikuwa bluu. Mimi ndiye niliyeikata. Nilikwenda dirishani mara nyingi mpaka Bi Pasi akaniuliza kama nimeposwa na mtu huko nje.

Meza ilihamishwa Jumatatu. Bi Pasi alilalamika wiki mbili, kisha akagundua kwamba ngazini anaona kila anayeingia duka la matairi na anayetoka, akatulia.

Sasa nakata, na mkataji hawezi kusoma kwa sauti, kwa sababu mkasi hautaki ulimi. Kiti cha msomaji amekichukua Shangazi. Hana daftari. Bado naandika kurasa zangu kwenye ngazi, namsomea asubuhi mara moja, naye mchana anawasimulia wengine jinsi anavyotaka. Anasema ananisahihisha.

Jana alimpoteza bata wa meya wa mji wangu.

Nilikuwa dirishani, chaki mkononi, kitambaa cha wauguzi kimekunjwa mara nane mbele yangu. Nikamsikia anasema kwamba bata alitoka asubuhi kwenda mtoni na hadi jioni hajarudi, na majini yanaelea manyoya mawili.

"Shangazi," nikasema bila kugeuka, "katika mji wangu hakuna anayekufa."

"Nani amesema amekufa? Nimesema manyoya."

"Manyoya mawili majini ni nini basi?"

"Wee kata nguo. Ulikwenda dirishani?"

"Niko dirishani."

"Haya. Basi, korongo akayaokota manyoya yale mawili, akayatazama vizuri. Moja lilikuwa la bata." Akanyamaza. Alikuwa amejifunza kunyamaza mahali pabaya, na sijui alijifunza kwa nani. "La pili halikuwa la bata."

"La nani?" alisema Redio.

"Kesho."

Chumba kizima kikapiga kelele. Nami nikauacha mkasi mezani, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye lile nyoya la pili, na kitambaa cha kunjo nane hakikatwi na mtu anayewaza manyoya.